Volkano huwashwa na maji: jiwe linavyoinywa bahari na kuitapika

Kila baada ya miezi kadhaa ujumbe uleule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: wanasayansi wamegundua bahari kubwa chini ya ardhi, mara tatu ya bahari zote tunazozijua. Basi watu huanza. Mmoja anauliza kama huko kuna samaki. Mwingine anasema hayo ndiyo maji ya Gharika ya Nuhu. Wa tatu, ambaye kila kundi linaye, anaeleza kwamba maji hayo yakiufikia moto wa katikati ya dunia huchemka, na mvuke wake ndio unaotikisa ardhi na kulipua volkano, kama sufuria iliyobanwa mfuniko.

Huyu wa tatu amekosea, lakini amekosea karibu na ukweli, na ndiye aliyenifanya niandike. Ni kweli maji ya bahari hushuka chini ya ardhi. Ni kweli pia kwamba yana mkono katika matetemeko makubwa na katika volkano kali kuliko zote. Ila hayashuki kama maji, na huko chini hayafanyi kazi yake kwa kuchemka.

Tuanze na zege. Ukilimwaga leo, kesho kutwa ni gumu, na wengi tunasema limekauka. Muulize fundi mzuri, atakusahihisha: zege halikauki, linashika. Lingekuwa linakauka tu, asingekuagiza ulimwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Sehemu nzuri ya yale maji uliyochanganya haikwenda hewani. Imeungana na saruji, imekuwa jiwe. Hata ulisage zege hilo ukamue unga wake kwa kitambaa, hutapata tone, na bado maji yamo. Huo ndio mmenyuko wa kikemia: vitu viwili vimekutana, vimebadilishana chembe, na kimezaliwa kitu cha tatu chenye tabia zake. Na kama umewahi kuweka kiganja juu ya zege nene siku ya kwanza, unajua kwamba mmenyuko huo hutoa joto.

Miamba ya chini ya bahari hufanya jambo hilohilo, kwa kipimo cha mabara.

Sasa maneno machache tutakayoyahitaji. Tabaka la nje la dunia limekatikakatika vipande vikubwa viitwavyo mabamba. Sehemu ya juu ya bamba ni ganda, na chini ya ganda kuna koti, tabaka nene la mwamba unaoshuka hadi kilomita 2,900 hivi. Hapa tuondoe kosa la kwanza: koti si bahari ya moto. Ni mwamba mgumu, wa moto sana, unaosogea polepole mno kwa mamilioni ya miaka. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ni kitu adimu huko chini. Hutokea mahali pachache tu penye sababu maalumu.

Mabamba husogea kwa sentimita chache kwa mwaka, karibu na mwendo wa kukua kwa kucha. Mawili yakigongana na moja wapo likawa sakafu ya bahari, hilo la bahari hujipinda na kuzama chini ya mwenzake. Mahali hapo ndipo ninapopaita ukanda wa uzamaji. Kanda hizo zimezunguka Bahari ya Pasifiki: Japani, Kamchatka, Alaska, Chile, Tonga. Katika Bahari ya Hindi kuna ndefu inayopita kusini ya Java na magharibi ya Sumatra, na nyingine fupi ya Makran, pwani ya Iran na Pakistani, inayotazamana na Oman.

Bamba linapoanza kuzama limeshakaa chini ya maji kwa makumi ya mamilioni ya miaka, na muda wote huo limekuwa likinywa. Kwenye migongo ya katikati ya bahari, pale ganda jipya linapozaliwa, maji ya chumvi huingia kwenye nyufa, hupashwa moto hadi nyuzi 350 na zaidi za Selsiasi, kisha hutoka yakiwa yamebeba madini. Chemchemi za migongo hiyo zilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galápagos, kwa nyambizi ndogo ya utafiti iitwayo Alvin. Baadaye, bamba likikaribia handaki, yaani bonde refu la sakafu ya bahari pale linapoanza kuzama, hupinda na kupasuka, na nyufa hizo hupitisha maji hadi kwenye koti lililo chini ya ganda.

Huko maji hukutana na peridotiti, mwamba mzito uliojaa madini ya kijani yaitwayo olivini. Olivini na maji havipatani hata dakika, maana havikuzaliwa mahali pamoja. Vikikutana katika joto la nyuzi mia kadhaa, olivini hugeuka kuwa serpentini, jiwe laini, la kijani, lenye mng'ao wa ngozi ya nyoka, na jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo ya nyoka. Katika kila kilo 100 za serpentini, kilo 13 hivi ni maji. Jiwe kavu, ukilishika halilowanishi mkono, lakini lina ndoo nzima ndani yake.

Ndugu zetu walioko Oman wanaweza kuuona mmenyuko huu bila kuzamia popote. Sehemu kubwa ya milima ya Hajar ni kipande cha sakafu ya bahari na koti lake, kilichozaliwa miaka milioni 96 hivi iliyopita, kisha badala ya kuzama kikasukumwa juu ya nchi kavu. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye peridotiti na kuanza kazi ileile. Yanapotoka tena kwenye mabonde, yamegeuka kuwa makali, yanakaribia ukali wa maji ya chokaa, na ni ya buluu yenye utando mweupe juu. Utando huo ni aina ya chokaa iliyojitengeneza papo hapo kwa kunasa hewa ya ukaa kutoka angani. Mahali pengine hutoka viputo vya haidrojeni. Ndiyo maana Oman na Falme za Kiarabu kuna watu wanaojaribu kusukuma hewa ya ukaa ndani ya miamba hiyo kwa makusudi, igeuke jiwe na ibaki huko.

Turudi kwenye bamba letu linalozama. Limebeba maji ya namna mbili, na anayejua kuchoma matofali anazijua zote mbili. Tofali bichi ukilianika juani hutoa maji yaliyokuwa katikati ya chembe za udongo. Likikauka hivyo, bado ukililoweka hurudi kuwa tope. Ukiliingiza kwenye tanuri, joto likapanda kwenye nyuzi 500 hivi, hutoka maji ya pili, yale yaliyokuwa sehemu ya udongo wenyewe. Baada ya hapo udongo si udongo tena. Uloweke mwaka mzima, hautarudi.

Bamba nalo huanza kwa kukamuliwa. Katika kilomita chache za kwanza uzito wa miamba hubana matope na maji ya kwenye matundu hurudi baharini. Kisha joto linapopita nyuzi 60 na kuelekea 150, udongo wa mfinyanzi ulio kwenye matope huanza kubadilika na kuachia maji yake ya ndani. Chini zaidi, kati ya kilomita 50 na 100, ganda la basalti, mwamba wa sakafu ya bahari, hupoteza karibu maji yote na kugeuka kuwa eklojiti, jiwe zuri kupita kiasi, lenye punje nyekundu za ganeti ndani ya madini ya kijani. Eklojiti ni nzito kuliko koti linaloizunguka. Kwa hiyo inazama, na ikizama inalivuta bamba zima lililo nyuma yake, kama ncha ya kitambaa kizito inayoteleza kutoka mezani. Hilo ni moja ya mambo yanayoyafanya mabamba yatembee, na watu wengi hulisahau kwa kudhani yanasukumwa tu kwa nyuma. Serpentini ndiyo mvumilivu kuliko wote. Hushikilia maji yake hadi karibu nyuzi 600 au zaidi, ndipo huachia yote.

Kila yanapoachiwa, maji hufanya jambo. Jambo la kwanza ni kuteleza. Vaa ndala zenye maji kwenye sakafu ya vigae na utaelewa bila mwalimu: maji yakibanwa kati ya vitu viwili hubeba sehemu ya uzito, na mgusano hupungua. Chini ya Japani na chini ya pwani ya magharibi ya Kanada na Marekani kuna sehemu ambazo mabamba huteleza taratibu kwa wiki kadhaa, sentimita chache tu, bila mtu kuamka usingizini. Huko Kanada hutokea kila baada ya miezi 14 hivi. Vipimo vinaonyesha kwamba sehemu hizo zimejaa maji yenye shinikizo kubwa.

Basi mtu atasema, kumbe maji ni salama, yakiwepo hakuna tetemeko kubwa. Si rahisi hivyo, na mfano ninaoujua vizuri zaidi ni ule uliotufikia wenyewe.

Tarehe 26 Desemba 2004, muda mfupi kabla ya saa kumi alfajiri kwa saa zetu, mpaka wa mabamba ulipasuka magharibi ya Sumatra. Ukubwa wa tetemeko ulikuwa 9.1, na mpasuko ulikimbia zaidi ya kilomita 1,200. Tsunami yake iliua zaidi ya watu 220,000 kuzunguka Bahari ya Hindi. Mchana wa siku hiyo ya Jumapili ilifika kwetu, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka ilikoanzia. Somalia walikufa karibu watu 300. Tanzania hawakupungua 10. Kenya alikufa mmoja.

Kilichowashangaza wanasayansi ni mahali mpasuko ulipofika. Kwa kawaida sehemu ya juu kabisa ya ukanda wa uzamaji, karibu na handaki, ni matope laini yenye maji mengi. Ilidhaniwa kwamba huko mwamba hauwezi kubana nguvu na kuziachia kwa ghafla. Lakini Sumatra mpasuko ulipanda juu mno, karibu na sakafu ya bahari, na ndiyo sababu maji ya bahari yalirushwa kwa kiasi kile. Kwa nini?

Mwaka 2016 meli ya uchimbaji JOIDES Resolution ilikwenda kutoboa matope hayo kabla hayajaingia handakini, na kushuka takriban kilomita moja na nusu chini ya sakafu ya bahari. Matope yenyewe yana safari yake. Yalitoka milima ya Himalaya, yakashuka na mito ya Ganges na Brahmaputra, yakatambaa chini ya Ghuba ya Bengal, yakarundikana hadi unene wa kilomita nne au tano karibu na Sumatra. Rundo nene namna hiyo ni blanketi. Kilicho chini yake hupata joto.

Ndani ya matope kuna mabaki ya viumbe wadogo wa baharini wenye magamba ya opali, na opali ni aina ya silika, kitu kinachounda mchanga na kioo, yenye maji ndani yake. Ikipata joto hugeuka na hatimaye kuwa kwatzi, na maji hutoka. Watafiti walipima maji waliyoyakuta katika tabaka za chini na kuyaona yamepungua chumvi. Hapo ndipo jibu lilipokuwa. Maji ya bahari yana chumvi, na yanayotoka ndani ya jiwe hayana, kwa hiyo maji yale yalikuwa yametoka kwenye madini, mbali kabla ya handaki. Katika ripoti yao ya mwaka 2017 walihitimisha kwamba matope ya Sumatra yanafika kwenye ukanda wa uzamaji yakiwa yameshakamuliwa, yameshika kama zege, na kwa hiyo yana uwezo wa kubana nguvu hadi juu kabisa. Mmenyuko mdogo wa kikemia, ndani ya mabaki ya viumbe wasioonekana kwa macho, una sehemu yake katika wimbi lililofika Dar es Salaam.

Jambo la pili ambalo maji hufanya ni volkano, na hapa pana kitendawili. Bamba linalozama ni la baridi. Limetoka chini ya bahari, linaingia kwenye mwamba wa moto, na kwa akili ya kawaida lingepaswa kuupoza. Ukimwaga maji jikoni moto huzimika. Iweje juu ya bamba hilo la baridi kuwe na mstari mzima wa volkano, kama ule wa Java, wa Japani au wa Andes?

Jibu liko kwenye chungu cha maharage. Maharage magumu yanaweza kukaa jikoni nusu siku. Ukitia magadi kidogo huiva mapema, na wewe hukuongeza hata kuni moja. Magadi hayakuleta joto. Yamelainisha kile kilichokuwa kikiyashikilia maharage, na sasa joto lilelile linatosha. Maji kwenye mwamba wa koti hufanya kazi ya namna hiyo. Kwa kina cha kilomita 100 hivi, peridotiti kavu inahitaji zaidi ya nyuzi 1,400 ili ianze kuyeyuka. Ikipata maji huanza kwenye nyuzi 1,000 hivi, kwa sababu maji hukata viungo vinavyozishikanisha chembe za mwamba. Koti la hapo tayari lina joto hilo. Lilikuwa likisubiri magadi tu.

Na hayo maji tusiyawaze kama ya bombani. Kwa shinikizo na joto la huko hayawi kimiminika wala mvuke. Ni kitu cha katikati, kikali, kinachoyeyusha silika na kuzoa chumvi, boroni, risasi na vingine vingi. Mimi ningeyaita mchuzi. Karibu na mji wa Kobe, Japani, kuna chemchemi za moto za Arima, maarufu kwa karne nyingi, na hakuna volkano hai jirani. Maji yake yana chumvi nyingi kuliko bahari na yana rangi ya kutu kwa wingi wa chuma. Maelezo yanayokubalika ni kwamba huo ni mchuzi wa bamba linalozama chini ya Japani, uliopata njia ya kupanda moja kwa moja.

Kuna anayeuliza, na ana haki: nani alikwenda huko chini akaona? Hakuna. Lakini bahari imeacha alama. Angani, mionzi kutoka anga za mbali hugonga hewa na kutengeneza kitu kiitwacho berili-10. Hunyesha na mvua na kutulia kwenye matope ya sakafu ya bahari. Hakidumu, nusu yake hutoweka kila baada ya miaka milioni 1.4. Kwa hiyo ndani ya koti, penye mwamba wa mabilioni ya miaka, hakipaswi kuwemo kabisa. Miaka ya 1980 kilipimwa kwenye lava mbichi za kanda za uzamaji, Amerika ya Kati kwa mfano, na kilikuwemo. Kwenye lava za Hawaii, ambako hakuna bamba linalozama, hakikuwemo cha maana. Matope yaliyonyeshewa mvua yamekwenda chini, yametoa mchuzi wao, na umerudi juu ndani ya lava, yote kwa miaka milioni chache tu.

Maji yale yanapanda yakiwa ndani ya magma, kiasi cha asilimia nne hivi ya uzito wake katika volkano za aina hii, na yanabaki humo maadamu shinikizo ni kubwa. Ni gesi ya soda ndani ya chupa iliyofungwa. Magma ikikaribia juu, kizibo kimefunguka. Pinatubo ya Ufilipino, tarehe 15 Juni 1991, ilikuwa chupa ya namna hiyo. Hapa yule bwana wa sufuria angeweza kudai alikuwa sahihi. Nusu tu. Mvuke unalipua, lakini ni mwisho wa hadithi. Kazi kubwa, ya kuyeyusha mwamba, maji yaliifanya kilomita 100 chini, yakiwa kimya.

Tena asizitaje volkano zetu katika mjadala huu, kama alivyofanya. Nyiragongo, Ol Doinyo Lengai na Kilimanjaro hazimo katika Mkanda wa Moto wa Pasifiki, yaani mstari wa volkano za kanda za uzamaji zinazoizunguka bahari hiyo, wala hakuna bamba la bahari linalozama chini ya Goma au Arusha. Zetu ni za Bonde la Ufa, ambako bara linachanika na koti la moto linapanda na kuyeyuka kwa kupunguziwa shinikizo. Lava ya Nyiragongo, iliyoingia Goma Januari 2002 na kushuka tena mlimani Mei 2021, hukimbia kama uji kwa sababu ina silika kidogo mno.

Na ile bahari ya WhatsApp? Chanzo chake ni cha kweli. Machi 2014 ilitangazwa kwamba ndani ya almasi iliyookotwa Juína, Brazili, imekutwa punje ya ringwudaiti, madini yanayoishi kwenye kina cha zaidi ya kilomita 500. Karibu asilimia 1.5 ya uzito wake ilikuwa maji. Tabaka hilo likiwa lote limelowa hivyo, hesabu inaleta maji mengi sana, na hapo ndipo magazeti yalipopata neno bahari. Lakini ni maji ya kwenye zege. Hakuna wimbi, hakuna samaki, na Nuhu asingeweza kuelea juu yake.

Jiwe lililopita njia hii yote tunalo nyumbani. Mwaka 1995 wanajiolojia walieleza kuhusu eklojiti za ukanda wa Usagara, Tanzania, katika kilima cha Yalumba. Kemia yake inafanana na ya basalti ya sakafu ya bahari, na ganeti zake zinaonyesha lilibanwa kwenye kina cha zaidi ya kilomita 50. Umri wake ni miaka bilioni mbili hivi, na ni kati ya ushahidi wa zamani zaidi duniani kwamba mabamba yalikuwa tayari yakizama. Bahari iliyolilowesha haimo kwenye ramani yoyote. Maji yake yalikamuliwa, yakapanda, yakayeyusha mwamba mwingine huko juu, na lenyewe likarudi kavu hadi kwenye mwanga wa jua. Sasa limekaa kilimani, na kila masika mvua huingia kwenye nyufa zake na kuzigeuza taratibu punje zake kuwa udongo wa mfinyanzi. Linakunywa tena.